Upanga wa Dakika Moja

Tangu simu za kugusa zilipoingia majumbani, swali moja limekuwa likirudi kila wazazi wakutanapo, iwe ni Kayanga au Omurushaka, Nkwenda au Murongo: hizi gemu wanazozicheza vijana wetu, je, ni mchezo tu, au ni balaa? Wako wasemao kwamba zote ni upuuzi, na dawa yake ni kuivunja simu. Wako wasemao kwamba kijana acheze atakavyo, maadamu yu nyumbani na macho ya mama yake yamwona. Sisi twaona kuwa pande zote mbili zimetoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Neno gemu limekuwa kama kapu moja ambalo ndani yake mmetiwa ndizi, mawe na nyoka. Mwenye kula vyote hana akili, na mwenye kulitupa kapu zima huzitupa na ndizi.

Kwa hiyo mwezi huu twataka kutoa kitu kimoja kapuni, tukiweke mbele ya wazazi na vijana, tukitazame pande zote. Kitu hicho ni mchezo mdogo uitwao Minit. Tumeuchagua kwa sababu shauri lake lote ni wakati. Na ugomvi wa gemu katika nyumba zetu, ukiuchimba hata mzizini, ni ugomvi wa wakati: saa ya kuchota maji, saa ya kudurusu, saa ya swala, saa ya kulala.

MCHEZO WENYEWE

Minit ulitolewa tarehe 3 Aprili 2018. Hautoki katika kampuni kubwa yenye wafanyakazi mamia kwa mamia. Waliouunda ni watu wanne: Kitty Calis na Jan Willem Nijman wa Uholanzi, Jukio Kallio wa Ufini aliyetunga sauti na muziki, na Dominik Johann aliyeshughulika na picha. Kampuni ya Devolver Digital ya Marekani ikausambaza kwa kompyuta na mashine za kuchezea, na baadaye ukafika hata kwenye simu. Watu wachache wafanyao kazi namna hii, wasio na bwana mkubwa wa kuwaamuru, huitwa watengenezaji huru. Kwa kuwa hawana fedha nyingi za kupamba, hulazimika kutegemea wazo. Picha za Minit ni nyeusi na nyeupe tu, kama michoro ya makaa ukutani.

Hadithi yake ni hii. Kiumbe mdogo atembea pwani, aona upanga umelala mchangani, auokota. Kumbe upanga una laana. Tangu autiapo mkononi, namba zaanza kuhesabu juu ya kioo kutoka 60 kushuka chini, na zifikapo mwisho, hufa. Kisha huamka tena nyumbani kwake, upanga mkononi, na namba zaanza upya kutoka 60. Kazi yake ni kuiondoa laana hiyo, naye hana muda mwingine ila dakika moja moja.

Msomaji asishtuke. Hii ni ngano, kama zile ngano za sungura na fisi walizotusimulia bibi zetu, ambamo fisi huuawa leo na kesho akaonekana tena akinusa nyama. Hatujamwona mtoto aliyepotoka katika imani yake kwa sababu ya fisi huyo. Tutazame maana ya ngano, tusigombane na mavazi yake.

Je, mtu aweza kufanya nini katika dakika moja? Mara ya kwanza hafanyi lolote. Hukimbia huku na huku, akapotea, dakika ikamwishia kichakani. Mara ya pili ameijua njia moja isiyofaa. Mara ya tatu ameijua ifaayo, lakini amechelewa njiani kwa kupiga majani upanga bila ya sababu. Mara ya nne huenda moja kwa moja. Na kila akipatacho hubaki chake: akipata kopo la kumwagilia maji, aamkapo analo, akipata kurunzi ya kumulikia gizani, anayo. Wasomaji wetu wakulima watafurahi kusikia kuwa mojawapo ya vitu vyenye faida kubwa katika mchezo huo ni kahawa. Anywaye kahawa hupata nguvu ya kuyasukuma masanduku yaliyoziba njia, ambayo hapo kwanza hayakusogea hata kidogo. Sisi tunaoinusa kahawa ya maganda ikianikwa kila mwaka hatukuhitaji kufundishwa jambo hilo na watu wa Ulaya, lakini si vibaya kusikia kuwa nao wanalijua.

Safari huelekea kwenye kiwanda kinachotengeneza panga hizo za laana. Mchezaji wa kawaida humaliza yote kwa saa chache. Mchezo huu hununuliwa mara moja, na hadithi yake ina mwisho. Twaomba msomaji ayashike maneno hayo mawili, kununuliwa mara moja na kuwa na mwisho, maana tutayarudia.

VITUO VYA SAFARI

Liko jambo jingine linalostahili kutazamwa. Msafiri huyo haamki daima katika nyumba ile ile ya kwanza. Akifika mbali na kukuta nyumba nyingine ya kulala, basi hiyo huwa makao yake mapya, na tangu hapo dakika zake huanzia hapo. Kama si nyumba hizo, asingevuka kamwe mpaka wa dakika moja ya miguu yake. Nchi pana hupitika kwa sababu ya vituo.

Watu wa Karagwe walilijua jambo hili kabla ya umeme. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ilipanda kutoka Unyanyembe kuelekea Buganda, ikipita katika nchi ya mfalme Rumanyika aliyekuwa na makao yake Bweranyange. Hakuna aliyeikata njia ile kwa mkupuo mmoja. Wafanyabiashara walikuwa na kituo chao Kafuro, humo humo Karagwe, na humo walipumzika, wakapanga mizigo, wakaulizia khabari za mbele. Hata wageni wa Ulaya hawakuwa na njia nyingine. Speke na Grant walifika kwa Rumanyika mwaka 1861. Mguu wa Grant ukaugua, na Speke alipoendelea na safari ya Buganda mwezi wa Januari 1862, mwenzake alibaki Karagwe miezi kadhaa akiuguza jeraha, kisha akamfuata. Stanley naye alikaa Kafuro mwaka 1876. Grant alipopona hakurudi pwani kuianza safari upya. Alianzia pale alipolala.

Twawaambia haya vijana wanaosoma, maana twawajua. Kijana akishindwa jaribio la hesabu, hurudi nyumbani akasema, "Mimi hesabu basi." Kana kwamba kushindwa kumemrudisha siku ya kwanza ya darasa la kwanza! Sivyo. Amerudishwa kwenye kituo chake cha mwisho, na kila alichokiokota njiani kabla ya hapo angali nacho. Lililobaki ni kujua ni wapi dakika ilimwishia: alipiga majani, au aliifuata njia isiyofaa? Mwanafunzi ajiwekeaye vituo, leo sura hii, kesho maswali haya kumi, atafika mtihani wa darasa la saba mwezi wa Septemba, au wa kidato cha nne mwezi wa Novemba, akiwa na nyumba nyingi za kulala nyuma yake. Asiyejiwekea vituo hukesha usiku wa mwisho, akataka kuikata njia yote kwa mkupuo mmoja. Sisi hatujasikia msafara uliofika namna hiyo.

MZEE WA MNARA

Karibu na mnara wa taa katika mchezo huo yuko mzee. Ana jambo la kumwambia msafiri, nalo lina faida. Lakini asema polepole mno. Maneno humtoka moja moja, na namba juu ya kioo zaendelea kushuka. Mchezaji mwenye pupa huondoka baada ya neno la tatu. Atakaye kusikia hana budi kusimama pale pale, dakika yake karibu yote, asifanye lolote lingine ila kusikiliza. Akiondoka mapema, dakika aliyoiokoa haimfai, kwa sababu hakusikia.

Hatukutazamia kuikuta adabu hii ndani ya gemu, lakini imo. Waliouunda mchezo wa haraka kuliko yote waliona kuwa hata ndani ya dakika moja kuna jambo lisilopatikana ila kwa kusimama. Katika nyumba zetu yuko babu asemaye hivyo hivyo, aanzaye khabari ya shamba kwa kutaja kwanza baba wa baba yake alikotoka, na mvua ya mwaka ule, na ng'ombe aliyepotea. Kijana husimama mguu mmoja ndani, mmoja nje, jicho kwenye simu. Kisha siku ya kugombania mpaka wa shamba hutafutwa aliyeisikia khabari yote mpaka mwisho, naye hapatikani, na babu hayupo tena. Shamba la migomba na mibuni laweza kupotea kwa neno la nne ambalo hakuna aliyelingoja.

MICHEZO MINGINE YA SAA

Minit si wa kwanza kuutumia wakati kuwa ukuta wa mchezo. Mwaka 2000 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo wa Majora's Mask, ambamo mwezi waiangukia dunia baada ya siku tatu za mchezo, na mchezaji hulazimika kuzirudia siku hizo mpaka auzuie msiba. Mwaka 2019 ukatoka Outer Wilds, ulioanza kama kazi ya masomo ya Alex Beachum katika Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Humo jua hulipuka baada ya dakika 22, na yote yarudi mwanzo. Mchezaji wa Outer Wilds habaki na upanga wala kopo. Abaki na jambo moja tu, nalo ni elimu aliyoipata. Ajuaye siri zote aweza kuumaliza mchezo katika dakika zile zile 22 zilizomshinda alipokuwa hajui. Mwaka 2020 mchezo huo ulipewa tuzo ya BAFTA ya Uingereza kuwa mchezo bora.

Sababu ya kuyataja haya ni kwamba watengenezaji hao, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kuwa mpaka hauharibu mchezo. Mpaka ndio uliouupa thamani. Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu: swala ina wakati wake, saumu ina mwanzo na mwisho, zaka ina mwaka wake. Mtoto aliyelelewa katika nyumba yenye nyakati hapaswi kuiona saa kuwa adui.

BUTURA YA SAA

Sasa twende kwa nyoka aliyemo kapuni.

Nyingi katika gemu zilizomo simuni mwa vijana wetu hazina mwisho kabisa, wala hazinunuliwi mara moja. Huingia bure. Baada ya siku chache mchezaji hukuta nguvu zake zimekwisha: ama angoje saa kadhaa zijae tena, ama atazame matangazo, ama alipe. Kila siku huwekewa zawadi ndogo, na akikosa siku moja hupoteza mfululizo wake, basi hurudi hata pasipo hamu. Kila ngazi ina ngazi nyingine juu yake. Mambo haya hayatokei kwa bahati. Yamepangwa na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa kipato chao kinategemea muda ambao mchezaji hukaa akiwatazama. Minit humpa mchezaji dakika moja na kumwambia, itumie vizuri. Hizi humpa kijana usiku kucha, wala hazimwambii lolote.

Wakulima wa Karagwe na Kyerwa wana jina la biashara ya namna hii. Waiita butura. Mkulima apatwapo na shida, ada ya shule au maradhi, humwuzia mlanguzi kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei ndogo mno. Siku ya mavuno hupalilia, huchuma na kuanika kwa jasho lake mali isiyo yake tena. Serikali imeipiga vita butura kwa miaka mingi, na wanavyuoni wetu tangu zamani walikataza kuuza matunda ya mti kabla hayajaonyesha dalili ya kukomaa, kwa kuwa hakuna ajuaye litakalotokea kati ya ua na tunda. Basi kijana wa miaka 14 ampaye mlanguzi wa simu saa zake za usiku, akauza usingizi wa leo na darasa la kesho kwa zawadi ya almasi za kuchora, amefanya nini ila kuuza butura? Saa hizo ni ua. Hajaona bado zitazaa nini, naye amekwisha kuziuza.

Na nyuma ya nyoka huyu yuko mwingine mkubwa zaidi, ajiitaye mchezo naye. Serikali huita michezo ya kubahatisha. Sisi twaijua kwa jina lake la zamani, kamari. Mashine za kutumbukiza sarafu zimewekwa katika vituo vya biashara, na kubeti kumeingia simuni. Mtoto aliyezoea kusikia kuwa yote ni gemu tu hatauona mlango alioupita. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 yamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza, na dini yetu haikuweka umri katika jambo hili. Mzazi aonaye mtoto amesimama mbele ya mashine hiyo asiseme "anacheza". Alitaje jambo kwa jina lake.

Hata hivyo tusipite mpaka. Shirika la Afya Duniani liliingiza ugonjwa wa kutawaliwa na gemu katika orodha yake ya maradhi iitwayo ICD-11, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Dalili zilizotajwa ni tatu: mtu kushindwa kujizuia, gemu kutangulizwa mbele ya mambo yote ya maisha, na kuendelea nayo ijapokuwa madhara yaonekana. Tena hali hiyo iwe imemharibia masomo, kazi au maisha ya nyumbani, aghalabu kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Kijana achezaye jioni moja akachelewa kuchota maji si mgonjwa. Ni kijana aliyechelewa kuchota maji, na dawa yake yajulikana.

NANI ASHIKE SAA?

Ukikaa Kyerwa au Karagwe ukavuka Mto Kagera kuingia Rwanda, saa ya mkononi hurudi nyuma saa moja, maana nchi ile hufuata saa za Afrika ya Kati. Atokaye huku saa nne hufika kule ikiitwa saa tatu. Ni kama amezawadiwa saa nzima! Lakini jua halikurudi nyuma hata kidogo, na arejeapo jioni huidaiwa saa ile ile. Huo ndio mfano wa anayesema, "Nacheza sasa, nitalipa kesho." Namba juu ya kioo zaweza kurudishwa kwenye 60. Za umri hazina kitufe hicho. Hapa ndipo ngano na maisha hutengana, na ndilo jambo la kwanza la kumwambia mtoto apendaye mchezo huo.

Basi shauri letu kwa wazazi ni hili.

Kwanza, jueni anachokicheza mtoto. Kaeni kando yake robo saa, mkaulize: mchezo huu una mwisho? Umelipiwa mara moja, au wadai kila siku? Wataka kuweka fedha kwa kutazamia kushinda fedha? Maswali hayo matatu yatawatengea ndizi, mawe na nyoka bila ya kuwa wajuzi wa kompyuta.

Pili, mpaka uwekwe kabla ya mchezo kuanza. Mtoto akiambiwa tangu mwanzo, "Mpaka adhana ya Magharibi," ameusikia mpaka, naye hujipanga ndani yake kama yule mwenye upanga. Akinyang'anywa simu ghafla katikati ya mchezo, anachojifunza ni kwamba mkubwa ana nguvu. Hatajifunza wakati kwa njia hiyo.

Tatu, mpaka huo uwafunge na wakubwa. Baba amkemeaye mwanawe kwa gemu, kisha yeye mwenyewe akala chakula cha usiku jicho likiwa kwenye video fupi zisizokwisha, ameiweka saa mfukoni mwake. Watoto huona. Kati ya Magharibi na Isha ni muda mfupi tu uzidio saa kidogo; simu za nyumba nzima zaweza kuwekwa kapuni kwa muda huo, na ya baba iwe ya kwanza.

Nne, kwa nyumba isiyo na mashine wala simu ya kutosha, mchezo wa dakika moja wawezekana bila ya umeme. Mtu mmoja ashike saa. Mtoto apewe sekunde 60 azitaje nyota alizofundishwa, au apange vikombe, au aeleze njia ya kwenda kisimani. Akishindwa, aanze tena na alichokwisha kukijua. Na zamu ya babu ifikapo, saa iwekwe chini.

Nanyi vijana, msidhani kuwa fungu lenu ni kucheza tu vilivyotengenezwa na wengine. Mtu wa upande wetu huu wa Afrika ametengeneza. Lual Mayen ni mtu wa Sudan Kusini aliyezaliwa wazazi wake wakikimbia vita, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Karagwe, iliyowapokea wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, yajua kambi ni nini. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu mpaka akamnunulia kompyuta ya mkononi. Kambini hapakuwa na umeme wa kuichaji. Alitembea saa tatu kuufuata. Akajifunza mwenyewe kuandika programu, akatengeneza mchezo alioupa jina la Salaam, ambamo mchezaji humwongoza mkimbizi anayekimbia vita akihitaji maji, chakula na dawa. Mwaka 2018 akatunukiwa katika sherehe za The Game Awards nchini Marekani, na katika jiji la Washington akaanzisha kampuni yake ya Junub Games.

Hebu fikirini: saa tatu kwenda, saa tatu kurudi, na kati yake muda wote ambao betri yamruhusu. Kijana huyo alikuwa na dakika chache kuliko vijana wetu wengi, na aliyashika yale aliyoyapata kila alipoamka. Mama yake naye alikuwa na miaka mitatu ya shilingi moja moja. Hakuna kati yao aliyeuza ua.

Twamaliza kwa ombi. Katika likizo hii, kabla ya msimu wa kahawa kuwachukua watu wote shambani, kila nyumba iketi jioni moja tu, wazazi na watoto, wayajibu yale maswali matatu kwa kila mchezo uliomo simuni mwao. Usio na mwisho na udaio kila siku, uwekewe saa kali au uondolewe. Wa kamari utoke usiku huo huo. Na ule wenye mwisho, uliolipiwa mara moja, mtoto aucheze mpaka aumalize, kisha awasimulie wakubwa ameona nini humo. Wakubwa nao wamsikilize mpaka neno la mwisho, hata akisema polepole.